Miaka Niliyoishi Jirani na Tanga la Chuma

Kati ya Jengo la Green na maktaba ya Hayden, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ambayo wengi wanaifahamu kwa kifupi chake cha MIT, pamesimama sanamu ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ambayo haina kichwa wala mikono na haimkumbuki shujaa yeyote. Aliibuni msanii Mmarekani Alexander Calder mwaka 1965, akaipa jina la Kifaransa, La Grande Voile, yaani Tanga Kubwa. Kwenda juu ina mita 12 hivi, na uzito wake hutajwa kuwa tani 33. Nilisoma na kuishi karibu nayo katika miaka ya shahada zangu za juu, nikawa naipita asubuhi nikielekea maabara na usiku nikirudi kulala, na ninachotaka kukieleza hapa ni namna sanamu hiyo ilivyonifunza kutazama, kwa sababu sikufika Cambridge, mji wa Marekani kilipo chuo hicho, nikiwa mpenzi wa sanaa. Nilifika nikiwa mtu wa chuma.

Nasema mtu wa chuma kwa maana ya kawaida kabisa. Kabla ya kusoma uhandisi Mlimani, na hata wakati wa likizo nilipokuwa mwanafunzi huko, nilifanya kazi katika karakana ya mjomba wangu Buguruni, ambako tulitengeneza mageti, madirisha ya nondo, ngazi za nje na kenchi za maghala madogo. Huko nilishika grenda na mashine ya kuchomelea muda mrefu kabla sijafundishwa milinganyo ya mkazo na mnyumbuko, nikazoea kukitathmini chuma kwa maswali ya fundi: pleti hii ina unene gani, imeungwa wapi, itashika kutu upande upi kwanza, na nani atailipia. Maswali hayo niliondoka nayo nyumbani, na kwa muda mrefu nilidhani hayahusiani na sanaa hata kidogo.

Kuhusu sanamu zenyewe, nilikuwa nimekulia katika mazoea ya aina mbili ambayo sikuwahi kuyalinganisha. Dar es Salaam, mahali Mtaa wa Samora unapokutana na wa Azikiwe, Sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927 na hakuna anayehitaji kuuliza ni ya nini: ni askari, ana bunduki, na singe yake imeelekea bandarini. Hayo ndiyo mazoea ya kwanza, ya sanamu inayojieleza. Lakini katika jiji hilohilo, kule Mwenge, nilikuwa nimeona tangu utotoni vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa shetani, ambao mchongaji Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1950, vyenye jicho lililo begani na mguu unaogeuka kuwa mdomo, pamoja na matundu ambayo yana kazi kubwa sawa na mpingo wenyewe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatuna mazoea na sanaa dhahania. Tunayo, ila tumeizoea ikiwa ya mti na ya kushikika mkononi. Iliponijia ikiwa ya chuma na yenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, sikuitambua kuwa ni ndugu wa kitu nilichokifahamu.

Kilichonitatiza mwanzoni ni jina. Nimezaliwa Bagamoyo, na tanga nalijua: ni kitambaa kinachofungwa kwenye foromali, kikapandishwa mlingotini, kikavutwa kwa demani hadi kishibe upepo. Nilizunguka nikitafuta vitu hivyo katika sanamu ya Calder na sikuona mlingoti wala foromali, na pleti zenyewe hazikuonekana kushiba chochote. Rafiki yangu mmoja Mmarekani aliona pezi la papa, mwingine akaona hema, na kila mmoja alikuwa na hakika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tulikuwa tunaicheza sanamu ile kama kitendawili, tukitega na kutegua, ilhali aliyeitengeneza hakuwa amelificha jibu mahali popote. Mara nyingi Calder alizipa kazi zake majina baada ya kuziunda, na jina likawa njia ya kuitaja kazi katika orodha bila kuwa maelezo yake. Tangu nilipolichukulia jina hivyo, nikaacha kulidai, na macho yangu yakapata nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ilianza kwa miguu. Sanamu ina maumbo matano makubwa yanayokatana, manne yakiwa bapa na moja likiwa limepinda, na hakuna sehemu moja unayoweza kusimama ukayaona yote matano kwa ukamilifu. Ukisimama upande mmoja, pleti hufunikana na kuwa mwili mmoja mpana na mzito. Ukienda hatua chache kando, pleti iliyokuwa pana hugeuka kuwa mstari mwembamba, pengo linafunguka, na ndani ya pengo hilo unaona jengo, majani, au mtu anayepita na begi lake. Ukiingia chini yake, maana unaweza kupita katikati bila kuinama, kingo zilizokatwa kwa mviringo hukutana juu ya kichwa chako kwa namna ambayo hukuitarajia ulipokuwa nje. Calder alisifika kwanza kwa sanamu za kuning'inia, ambazo hewa kidogo tu huzizungusha mbele ya mtazamaji aliyetulia, na aliwahi kueleza tofauti yake na hizi za kusimama kwamba hizi humlazimu mtazamaji mwenyewe azunguke au apite ndani yake. Mimi nililigundua hilo kwa sababu ya kawaida tu, kwamba njia yangu ya kwenda maabara ilibadilika kila muhula, na kila muhula nikawa nakutana na sanamu ambayo sikuwahi kuiona.

Baada ya hapo nikaanza kusoma habari za mtu huyu, na nilichokipata kilinifurahisha kama mhandisi. Calder alizaliwa mwaka 1898 katika ukoo wa wachongaji. Babu yake, Alexander Milne Calder, ndiye aliyeitengeneza sanamu ya shaba ya William Penn iliyo juu ya mnara wa ukumbi wa jiji la Philadelphia, yenye urefu wa mita 11 hivi, na baba yake pia alikuwa mchongaji wa sanamu za watu. Lakini yeye alianza kwa kusomea uhandisi wa mitambo katika Taasisi ya Teknolojia ya Stevens, jimbo la New Jersey, akahitimu mwaka 1919, na ndipo baadaye akarudi kwenye kazi ya ukoo kwa njia yake mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu kazi zake hazimfichi fundi. Babu alijitahidi ili shaba ionekane kuwa kitambaa na ngozi, mjukuu akaacha chuma kionekane kuwa chuma.

Hilo linaonekana vizuri zaidi katika mbavu. Anayeitazama Tanga Kubwa kutoka mbali huona mabapa laini, lakini ukisogea unaona kwamba kwenye pleti kubwa kumeungwa vipande virefu vilivyosimama wima juu ya bapa, na kwenye maungio kumewekwa vipande vya pembe vya kuimarisha kona, na kila mahali kuna safu za bolti ambazo hakuna aliyejaribu kuzifunika. Mbavu hizo hazikuwekwa kwa urembo. Calder alikuwa akiishi Saché, karibu na mji wa Tours nchini Ufaransa, na sanamu zake kubwa ziliundwa katika kiwanda cha Biémont mjini humo, ambacho mafundi wake walizoea matangi na kazi nzito za pleti. Yeye alianza na mfano mdogo wa bati alioukata kwa mkasi, mafundi wakaukuza kuwa mfano wa kati, na hapo ndipo walipoamua pamoja ni wapi panahitaji ubavu ili bapa lisilegee, kisha ndipo wakaingia kwenye kipimo kamili. Mfano wa kati wa sanamu hii ulijaribiwa pia katika handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa inayopulizwa upepo wa kupimia vitu, na vipande vya sanamu yenyewe vikasafirishwa kwa meli hadi Marekani, vikaungwa uwanjani. Kwa mtu aliyewahi kuchomelea geti la mita nne likapinda kwa sababu ya joto la mshono, ule mpangilio wa mbavu unasomeka wazi: ubavu huu umewekwa hapa kwa sababu pleti ingeyumba, na huu mwingine umefuata mkunjo kwa sababu uzito wa juu unashukia mguu ule.

Siku moja nilimpigia mjomba simu ya video nikamwonyesha. Sikumweleza kuwa ni sanaa, nilimwambia tu, "Shikamoo mjomba, tazama kazi hii." Akaitikia "Marahaba," kisha akanyamaza kidogo, akaniambia nisogeze simu kwenye maungio. "Hizo bolti ni za nini? Kwa nini hawakuchomelea moja kwa moja?" Nikamjibu kwamba ilitengenezwa Ufaransa ikabebwa kwa meli. "Sawa. Na hizo mbavu wameziweka kwa akili, mwanangu. Aliyefanya kazi hii ni fundi." Akataka nizunguke, nikazunguka, akataka nirudi upande wa kwanza, nikarudi, na kwa takriban nusu saa alikuwa akinielekeza kama vile mimi ndiye mgeni pale na yeye mwenyeji. Mwisho akauliza ina kilo ngapi, na nilipomtajia tani 33 alicheka, akasema kwamba kwa bei ya chuma chakavu ingekuwa Buguruni isingemaliza wiki. Hakuuliza kabisa ni sanamu ya nini. Nimewahi kuizunguka sanamu hiyo na watu waliosoma historia ya sanaa, na kati yao wote hakuna aliyeitazama kwa uangalifu kama mjomba alivyoitazama kupitia kioo cha simu.

Nikimlinganisha na sisi tuliokuwa tukiipita kila siku, naona kwamba sisi tulikuwa tumejazwa hadithi. Hadithi inayosimuliwa zaidi kuhusu Tanga Kubwa ni ya upepo. Jengo la Green, lililochorwa na msanifu I. M. Pei, ambaye mwenyewe alihitimu hapohapo MIT, lilikamilika mwaka 1964. Lina ghorofa 21 na urefu wa karibu mita 90, na kwa miaka mingi lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini Cambridge. Limesimama juu ya miguu, kwa hiyo chini yake kuna uwazi mkubwa wa kupita. Katika miaka yake ya mwanzo upepo ulipita kwenye uwazi huo kwa nguvu kiasi kwamba milango ya chini ilikuwa taabu kufunguka, na wenye kutaabika walikuwa, pamoja na wengine, wataalamu wa hali ya hewa ambao idara yao iko humo. Hadithi ikazuka kwamba sanamu ya Calder ililetwa kuukinga upepo huo. Nilisimuliwa hivyo na wanafunzi wa mwaka wa juu, kisha nikamsikia mtu akiwasimulia wageni hivyohivyo kwa sauti ya uhakika.

Ukikaa ukaifikiria kwa utulivu, hadithi haisimami. Jengo refu lililo peke yake katikati ya majengo mafupi hupokea upepo kwa uso mzima. Sehemu ya hewa hiyo husukumwa kuelekea chini, na kwa kuwa mgandamizo wa mbele ni mkubwa na wa nyuma ni mdogo, hewa hukimbilia pale palipo na tundu, yaani kwenye uwazi wa chini. Sanamu ya mita 12 yenye mapengo pande zote, iliyo mbali na mlango, haiwezi kubadili jambo hilo kwa kiasi cha kuhisiwa. Dawa iliyopatikana ni milango ya kuzunguka. Ninavyokisia, hadithi ilitokana na lile jaribio la handaki la upepo, ambalo nia yake ilikuwa kuhakikisha kwamba sanamu yenyewe itastahimili. Upepo wa mita 30 kwa sekunde hukandamiza kila mita moja ya mraba ya bapa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 55, hata kabla hujazingatia umbo la kitu, na hapa tunazungumzia mabapa ya mita nyingi za mraba yaliyosimama wima. Naelewa kwa nini uongo ule ulipendwa mahali ambapo mwaka 2012 wanafunzi waliyageuza madirisha ya jengo hilohilo kuwa ubao wa mchezo wa Tetris: ni mahali panapopenda kila kitu kiwe na kazi. Kukipa kitu kazi ya kukinga upepo ni njia ya heshima ya kutokitazama.

Kutoka kwa mjomba nilipata pia swali la rangi, maana kabla hajakata simu aliuliza, "Nani anaipaka?" Kwetu pwani swali hilo huja mapema kuliko mengine yote. Chuma kilichopakwa rangi moja bila rangi ya chini, karibu na bahari, hakimalizi mvua mbili za masika kabla ya kutoa malengelenge. Massachusetts kuna theluji, kuna chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, kuna jua la kiangazi ambalo hulipasha joto bapa jeusi hadi usipende kuligusa. Sanamu ya namna hii haikai nyeusi yenyewe. Kituo cha sanaa cha List, ambacho hutunza mkusanyiko wa sanamu za nje za chuo, kinapaswa kuishughulikia kwa vipindi: kuondoa rangi iliyochoka, kusafisha kutu, kupaka upya. Na rangi yenyewe si jambo la kwenda dukani kununua debe, kwa sababu weusi aliouchagua Calder haung'ai, na rangi zisizong'aa kwa kawaida huwa dhaifu zaidi nje kuliko zinazong'aa. Sanamu yake nyingine nyeusi, Gwenfritz, iliyoko Washington, ilipofanyiwa ukarabati, rangi yake ilitokana na utafiti uliohusisha maabara ya jeshi la Marekani, kwa kuwa jeshi nalo lina sababu zake za kutaka rangi imara isiyorudisha mwanga.

Jambo hili lilinifikirisha kuliko nilivyodhani. Ina maana kwamba ule uso mweusi ninaouona hakuugusa Calder. Mikono yake haipo pale kama mikono ya mchongaji wa Mwenge inavyobaki katika alama za tezo na msasa. Chuma kimekatwa na mafundi wa Tours, rangi imepakwa na watu wengine waliokuja baadaye, na itapakwa na wengine ambao hawajazaliwa. Kilicho chake ni umbo, yaani uamuzi wa wapi ukingo uanze kupinda na wapi usimame. Kwa mtu wa karakana hilo si jambo la ajabu, kwa sababu geti huwa la fundi mkuu hata kama vijana ndio waliolichomelea, lakini sikuwahi kuwaza kwamba hata sanaa inayolindwa na kuthaminiwa namna ile huishi kwa utaratibu huo.

Si kila sanamu ya chuma hapo chuoni ilipokelewa vyema. Mbele ya Jengo la Landau, ambalo pia ni la Pei, kuna kazi nyingine nyeusi, Transparent Horizon ya Louise Nevelson, ya mwaka 1975, iliyowekwa jirani na bweni la East Campus. Wanafunzi wa bweni hilo waliichukia tangu mwanzo, wakawa wanaipaka rangi na kuichezea kwa kila namna, na malalamiko yao hayakuwa juu ya urembo peke yake, walisema hawakuulizwa. Binafsi naiona kazi ya Nevelson kuwa nzuri, hasa ikitazamwa wakati wa theluji, lakini wanafunzi hao nawaelewa. Kitu cha tani kadhaa kikiwekwa chini ya dirisha lako, huwezi kukikunja ukakiweka kabatini. Tanga Kubwa lilibahatika kuwa na uwanja wake, uwanja wa McDermott, penye nafasi ya kurudi nyuma na kulitazama, na hakuna anayelala karibu nalo kiasi cha kuzibiwa mwanga. Kuhusu Alchemist ya Jaume Plensa, iliyowekwa mwaka 2010 upande wa barabara ya Massachusetts, sina la kusema zaidi ya kwamba watalii wanaipenda: ni mtu aliyechutama, mwili wake ukiwa umefumwa kwa tarakimu na alama za hisabati za chuma kisichoshika kutu, na unaielewa kabla hujaifikia.

Niliyojifunza Cambridge niliyapima Chicago nilipokwenda huko kwa mkutano. Katika uwanja wa majengo ya serikali kuu yaliyochorwa na Mies van der Rohe kuna Flamingo ya Calder, ya mwaka 1974, yenye mita 16 na rangi nyekundu ya kukoza. Safari hii sikutafuta ndege. Nilianza kwa kuzunguka, nikaingia chini yake, nikatafuta mbavu na bolti, na nikaona kwamba ni lugha ileile ya mafundi wa pleti lakini kwa kusudi lingine: pale majengo ni meusi na yamenyooka kama rula, na wekundu na mikunjo ya chuma ndivyo vinavyoyafanya yaonekane kuwa yamesimama mahali fulani. Umbali mfupi kutoka hapo kuna sanamu ya Picasso iliyozinduliwa mwaka 1967, ya chuma cha Cor-Ten, ambacho hakipakwi rangi kwa sababu kutu yake ya juu hutulia na kuwa ngozi inayokinga chuma cha ndani. Nilimtumia mjomba picha. Alijibu kwamba chuma hicho kisiletwe Dar es Salaam, na alikuwa sahihi, kwa kuwa penye chumvi ya bahari kutu ile haitulii bali huendelea kula.

Niliporudi nyumbani kwa likizo, tuliamua kujaribu wenyewe. Sikutaka kuiiga Tanga Kubwa. Nilitaka kujua kwa mikono yangu jambo ambalo kitabu hakikunitosheleza, yaani namna mabapa machache yanavyosimamishana. Tulichukua mabaki ya bati geji 28, tukakata vipande kwa mkasi, tukavipasua nusu ili viingiliane. Kwa kimo cha shibiri mbili kazi ilikuwa nyepesi: unakata, unachomeka, unasimamisha mezani, ikiegemea upande unapunguza ukingo kidogo au unahamisha mguu. Mchana mmoja tulipata maumbo kadhaa ambayo yalinifurahisha, na vijana wa karakana wakaanza kukata ya kwao bila kuambiwa. Shida ilianza tulipoikuza moja kufikia kimo cha mtu. Bati lilelile lililokuwa gumu mezani likawa linapepesuka kama nguo, na ncha ya juu ikainama kwa uzito wake yenyewe.

Sababu yake ni kanuni ambayo nilikuwa nimeiandika katika mitihani mara nyingi bila kuihisi. Ukikuza kitu mara mbili kwa kila upande, eneo la mkato wake unaobeba mzigo huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Na ukikuza urefu na upana huku unene wa bati ukibaki uleule, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ukinzani wa bapa dhidi ya kupinda hutegemea unene wake kwa kipeo cha tatu. Ndiyo maana mafundi wa Tours hawakuweza kuchukua mfano wa Calder na kuuzidisha tu. Mjomba hakuhitaji hesabu hiyo. Alilitazama bati lililoinama, akaenda kuleta bapa la milimita 25 kwa 3, akalikata vipande na kuvichomelea nyuma kwa kusimama wima, akifuata mkunjo wa ukingo, na alipomaliza nikaona mbele yangu mpangilio ule niliokuwa nikiupita kila asubuhi nchi nyingine, umetokea tena katika karakana ya Buguruni kwa sababu ileile iliyouzaa kule.

Kipande hicho kiko bado uani, karibu na rundo la nondo. Tunapanga kingine cha mita tatu, kwa pleti ya milimita 3, kilichoungwa kwa bolti ili kiweze kubebwa kwenye kirikuu, na kimepakwa rangi ya chini mara mbili kwanza. Suala ambalo hatujaafikiana ni rangi ya juu. Mimi nataka nyeusi isiyong'aa. Mjomba anasema nyeusi itaonyesha vumbi la Buguruni tangu siku ya kwanza, tena itachoma mikono ya watoto ambao bila shaka watakipanda, na anapendekeza buluu ya mageti, ambayo anayo madebe mawili yaliyobaki.